Mhusika mkuu ni handaki la wafu: hofu ya msikilizaji inatoka wapi?

Mpogoaji wa Hombolo

Ndugu zangu, salaam. Ninasikiliza kitabu cha sauti cha Kiingereza ambacho mhusika wake anafariki katika ulimwengu wetu, kisha anazaliwa upya, si mtu wala mnyama, bali handaki lenye ghorofa zinazoshuka ardhini, ambamo walinzi wote ni wafu waliofufuliwa. Hunisindikiza shambani ninapopogoa zabibu, na msimulizi ni hodari kweli. Hata hivyo, handaki halitembei, haliumwi, na askari wake wamekwisha kufa. Sasa nimhofie nani? Waliozoea hadithi za namna hii wanieleze kama niendelee.

Msomaji wa Area C

Mkuu, cha kuhofia kipo. Katika hadithi hizi handaki huwa na kiini, mara nyingi kito kilichofichwa ghorofa ya chini kabisa, ambacho kikivunjwa maisha yake yamekwisha. Kila ghorofa wanayoishinda wavamizi huwasogeza karibu na kito hicho. Wala haliwezi kujifungia ndani, kwa kuwa nguvu zake hutoka kwa hao hao wanaoingia: wasipokuja linadhoofika, wakija wengi mno linaangamizwa. Hivyo hulazimika kuweka hazina ya kuwavutia watu huku likiomba wasije wale wenye uwezo wa kufika chini.

Kwa handaki la wafu mambo ni matamu zaidi. Handaki la kawaida, zimwi lake likiuawa, hutumia nguvu kuumba jingine. Hili humwinua aliyefia ndani akawa mlinzi, yaani ushindi mmoja humpunguza adui na kuongeza jeshi. Bila kizuizi, hadithi ingeisha mapema. Wapo waandishi wanaoleta makuhani wenye nuru takatifu, jambo ambalo kwangu ni jepesi mno. Walio makini huweka kizuizi ndani ya mhusika mwenyewe, ambaye jana alikuwa binadamu na leo anawatumikisha binadamu wenzake baada ya kufa. Sisi tuliokua tukisikia habari za misukule wanaolimishwa usiku tulizoea kumlilia aliyechukuliwa. Hapa anayesimulia ndiye mwenye misukule. Je, mhusika wako ameshajiuliza lolote kuhusu hao aliowafufua?

Abiria wa Dar

Ninakubaliana na ndugu wa Area C kuhusu kiini, lakini nadhani kinachomchosha mwenzetu ni majedwali, yaani orodha za pointi za mhusika zinazokatiza hadithi. Hadithi hizi zimerithi hesabu za michezo ya kuigiza wahusika kama Dungeons & Dragons, iliyotoka mwaka 1974, ambamo uhai wa mhusika hupimwa kwa pointi. Kwenye kitabu cha karatasi jicho huliruka jedwali. Msimulizi wa sauti analazimika kulisoma lote, mstari kwa mstari, hata kama limebadilika tarakimu moja tu. Tumia kitufe cha kuruka sekunde 30 bila kuona haya.

Na kama utasikiliza safarini, pakua mapema, kwa sababu treni ikiingia kwenye mahandaki ya Kilosa usitegemee mtandao. Saa moja ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 29, kwa hiyo hata kitabu cha saa 12 hakifiki megabaiti 350.

Mpogoaji wa Hombolo

Nawashukuru. Majedwali kweli yapo, na nilikuwa nikiyavumilia kwa adabu. Kuhusu waliofufuliwa, mhusika wangu amewapa namba badala ya majina, na mmoja wao, ambaye zamani alikuwa mpiga upinde, ameanza kukataa amri. Kiini kimetajwa mara moja tu.

Msomaji wa Area C

Huyo mpiga upinde ndiye hadithi yenyewe. Endelea mpaka wavamizi wafike ghorofa ya pili. Ikiwa hata hapo bado anaitwa kwa namba na ameshatulizwa kwa amri moja, kiache utafute kingine.