Ulinganisho: nibaki na D500 au nihamie kamera isiyo na kioo kwa picha za ndege?

Mwanaanga
Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa miaka saba nimekuwa nikipiga picha za ndege kwa Nikon D500, kamera yenye kioo (DSLR), na sasa amejitokeza mtu anayetaka kununua vifaa vyangu vyote kwa mpigo, ila anahitaji jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ninafikiria kuhamia kamera isiyo na kioo, na nimebakiwa na njia tatu: Nikon Z8, Canon EOS R7, au mojawapo ya Sony zenye kihisi (kile kinachonasa mwanga wa picha) cha kasi, ingawa hizo sijazichunguza vya kutosha. Ninaomba waliokwisha kuhama wanieleze ipi inafaa zaidi.

LenziNdefu
Ndugu Mwanaanga, swali lako bado halijibiki. Hujasema unatumia lenzi gani, hujasema unapiga ndege za aina gani, wala hujaeleza D500 imekushinda wapi. Anayepiga ndege za abiria zikitua alasiri na anayepiga ndege za kivita zikipinduka angani hawahitaji kitu kimoja. Uthibitishe pia kwamba ni ndege zenye injini, kwa sababu niliwahi kumwandikia mtu maelezo marefu kuhusu ndege za jeshi, kumbe mwenzangu alikuwa akiwapiga korongo na tai.

BiTausi
Mimi ninatumia R7 tangu mwaka ilipotoka, 2022, pamoja na lenzi ya RF 100-500mm, na sioni sababu ya kuiacha. Megapikseli 32.5 kwenye kihisi kidogo huifanya ndege ijaze zaidi picha, na ni neema kwa sisi tunaosimama mbali na njia ya kurukia. Lenzi yenyewe ina gramu 1,370 bila pete ya tripodi, kwa hiyo ninaishika mkononi kutwa nzima bila bega kulalamika. Chukua hiyo, ndugu yangu.

Mwanaanga
Niwieni radhi kwa kuacha mambo ya msingi. Lenzi yangu ni AF-S 200-500mm f/5.6. Ni ndege zenye injini, hasa za abiria, na zaidi ya nusu ni za rafadha (propela) kama ATR 72. Maonyesho ya ndege huwa ninahudhuria mara moja moja. Kinachonisumbua ni kwamba fokasi hushika bawa au mkia wakati mimi ninataka pua na madirisha ya marubani, na ndege ikipita na mwanga nyuma yake hutoka nyeusi, nami hugundua nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani.

FundiKihisi
Ukishataja rafadha, hoja inabadilika, maana hapo ndipo kamera hizi zinapoachana kweli. Kwenye shata ya kielektroniki hakuna kinachofunguka wala kufungika; kihisi husomwa mstari kwa mstari, na muda wa kukisoma kutoka ukingo hadi ukingo ndio unaoamua kama mapanga ya rafadha yataonekana yamenyooka au yamepinda. R7 huchukua takriban 1/30 ya sekunde, Z8 takriban 1/270, na Sony A9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, husoma kihisi chote kwa wakati mmoja. Rafadha ya ATR 72-600 ina mapanga sita, na katika mzunguko wake wa juu huzunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani mara 20 kwa sekunde. Katika 1/30 ya sekunde kila panga limekwisha kuzunguka nyuzi 240, ilhali katika 1/270 limesogea nyuzi 27 hivi. Rafadha haijazi picha nzima, kwa hiyo mpindo halisi huwa mdogo kuliko hesabu hiyo, lakini kwa R7 bado utauona.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini wengi tunapenda kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde: panga huzunguka karibu nyuzi 58, na kwa kuwa mapanga sita yameachana kwa nyuzi 60, duara lote hujaa. Ukipiga kwa 1/1000 mapanga husimama kabisa, na ndege huonekana kama imezimika injini angani.

BiTausi
Hesabu ya ndugu Fundi ni sahihi, lakini R7 ina shata ya mitambo inayopiga picha 15 kwa sekunde, na ukiitumia hiyo mapanga hayapindi. Z8 haina shata ya mitambo kabisa. Tusimtishe mwenzetu kwa tatizo ambalo dawa yake ni kubadilisha mpangilio mmoja.

Mawingu
Mpangilio huo mmoja ndio ulionigharimu, dada, na nitaeleza kwa urefu ili mwingine asipitie hapo. Niliuza kamera yangu ya DSLR na lenzi zote siku nane kabla ya maonyesho ya ndege, nikanunua kamera isiyo na kioo ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Siku hiyo ilikuwa inaruka Douglas DC-3 niliyokuwa nikiitamani tangu utotoni. Nilikuwa nimeweka shata ya kielektroniki kwa sababu inapiga picha nyingi zaidi kwa sekunde, wala sikujua kwamba ina madhara. Ndege ilipotokea juu ya miti niliinua kamera, nikakuta kitazamio, yaani kitundu cha kuchungulia, ni cheusi: kilikuwa kimelala ili kuhifadhi betri. Nilibonyeza kitufe, kikaamka, lakini mkupuo wa kwanza wa ndege kupita, ambao ndio uliokuwa wa karibu kuliko yote, ulikuwa umepita. Mikupuo miwili iliyofuata niliipata, na kwenye skrini ndogo ya nyuma kila kitu kilionekana kizuri. Nyumbani, kwenye kompyuta, mapanga ya rafadha zote mbili yalikuwa yamepinda kama mundu, na mengine yalionekana yametengana na kitovu chake. Picha zaidi ya 1,000, na hakuna hata moja niliyoweza kuichapisha. Ile DC-3 sijaiona tena.

Kwa hiyo, ndugu Mwanaanga, vyovyote utakavyochagua, usiuze cha zamani kabla hujakizoea kipya.

MzeeKitazamio
Wanangu, mimi nimebaki na kioo na ninaeleza sababu. Kwenye kitazamio cha kioo ninaona kile kilichopo, papo hapo, na hakilali. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, D500 hutoa picha 1,240 kwa chaji moja, wakati Z8 inatajwa kwa takriban 330.

FundiKihisi
Shikamoo, mzee. Kipimo cha CIPA hakifanani na upigaji wetu, kwa sababu sisi hupiga mfululizo na picha nyingi hutoka ndani ya sekunde chache. Idadi halisi huwa kubwa zaidi ya hiyo. Tena kitazamio cha kielektroniki humwonyesha mwenzetu weusi wa ndege kabla hajabonyeza, na hilo ndilo lalamiko lake la pili. Vilevile, ukifuata ndege hadi ikapita karibu na jua, kioo na lenzi ndefu huupeleka mwanga wote moja kwa moja kwenye jicho lako.

MzeeKitazamio
Marahaba. Hilo la jua ninalikubali.

LenziNdefu
Mwanaanga asidhani pia kwamba Z8 itamsogezea ndege. Kihisi chake ni kikubwa na kina megapikseli 45.7, lakini ukiikata picha kwa ukubwa wa kihisi cha D500 unabakiwa na 19 hivi, na D500 ina 20.9. Uzito nao haupungui: D500 ina gramu 860, Z8 gramu 910. Na mazigazi ya mchana juu ya lami hayaondolewi na kamera yoyote. Hapo dawa ni kuamka alfajiri. Faida utakayoipata ni fokasi: Z8 ina utambuzi wa ndege za injini uliotenganishwa na ule wa ndege wenye manyoya, na lenzi yako itafanya kazi kwa FTZ, adapta ya kufunga lenzi za DSLR za Nikon, fokasi na kitulizaji cha mtikisiko vikiwemo.

BiTausi
Na mimi ninasisitiza kwamba anayehitaji umbali asikimbilie kihisi kikubwa.

Mwanaanga
Nimezungumza na mnunuzi, naye amekataa kuchukua kamera yenyewe bila lenzi, kwa hiyo ushauri wa kubaki na 200-500mm unaivunja biashara. Jumamosi nitaazima Z8 na FTZ kwa rafiki, niifunge lenzi yangu, nipige ATR zikiruka kwa 1/125 na kwa 1/250, kisha nitaweka picha hapa. R7 sijapata wa kuniazima.

Mawingu
Kabla hujatoka, ongeza muda wa kitazamio kulala, ubebe na betri ya pili.

MzeeKitazamio
Na huyo mnunuzi akighairi, mwanangu, niarifu mimi kwanza. Ninaihitaji hiyo D500 iwe ya akiba.