Hii "in the meantime" kwenye barua ina maana gani hasa?

Wadau habari zenu. Nimelalamika kwa mwenye nyumba kuhusu bomba linalovuja, leo kanijibu hivi: "We are investigating your complaint. In the meantime, please continue to pay your rent." Mdogo wangu anasema ni sawa tu na "meanwhile", mwingine kaniambia eti maana yake ni "mara moja", sasa nishike lipi jamani?

*

Dada, huyo wa mara moja mpuuze. Hapo wanazungumzia kipindi cha kati, yaani kuanzia sasa mpaka jambo fulani liishe, na hiyo "mean" haina uhusiano na maana wala uchoyo, asili yake ni Kilatini ikapitia Kifaransa, ni katikati tu. Ukiiona rudi sentensi moja nyuma, utakuta wametaja kitu kinachosubiriwa, na kwako ni uchunguzi. Kwa hiyo wanasema hivi, sisi tunachunguza, hadi tutakapomaliza wewe endelea kulipa kodi. Watu wengi wanasoma ile amri tu sentensi ya kwanza wanairuka, ndo maana hawajui amri inaanza wapi na inakoma wapi.

Na mdogo wako hajakosea sana, mara nyingi hayo maneno yanabadilishana bila shida. Ila "meanwhile" inapenda mambo mawili yanayokwenda sambamba, mimi napika huku mwenzangu anaoga, hakuna anayemsubiri mwenzake. Ndo ile "huku nyuma" ya wasimulia hadithi. Tena "meanwhile" inasimama peke yake, "meantime" kwenye maandishi ya kiofisi kwa kawaida inatanguliwa na "in the".

*

Naongezea hapo kwa kaka, mkiandika msiitenganishe ikawa "mean time". Hiyo ndo ya Greenwich Mean Time, pale mean ni wastani, habari nyingine kabisa. Na wanaotafuta kazi mtakutana na "interim", maana yake inakaribiana: interim manager ni meneja wa muda, anashikilia kiti mpaka apatikane wa kudumu. Mkipewa mkataba wa hivyo someni unaisha lini kabla ya kusaini, maana wengine wanaona cheo tu wanafurahi.

*

Asanteni sana. Sasa kaka, wakichunguza mpaka mwakani je? Maji yanazidi kumwagika jikoni na mimi nalipa tu?

*

Kulipa lipa dada, usiwape sababu. Ila barua yao haina tarehe, na hicho kipindi cha kati bila tarehe kinavutika watakavyo wao. Wajibu leoleo kwa imeili, si kwa simu, ili ubaki na ushahidi: "When do you expect to finish, and what will you do about the leak in the meantime?" Neno ni lao wenyewe, warudishie.