Miaka 45 ya Remain in Light: Fela alistahili kutajwa kama mtunzi?

Mtoa mada: Remain in Light, albamu ya Talking Heads, kundi la New York, ilitoka 8 Oktoba 1980. Wapigaji walikuwa wamezama kwenye Afrobeat, mtindo wa Fela Kuti wa Nigeria, hasa albamu yake Afrodisiac ya 1973. Fela hayumo kwenye orodha ya watunzi. Ni haki?

Mchangiaji 1: Ni haki. Hakimiliki inalinda melodi na maneno, hailindi mtindo. Sikiliza Born Under Punches, wimbo wa albamu hii, kisha Afrodisiac yote: melodi haikuchukuliwa. Kilichochukuliwa ni mpangilio: kodi (chord, noti zinazopigwa pamoja) moja tu, gitaa linarudia kipande kifupi, besi inaacha mapengo, waimbaji wanaitana na kuitikiana. Tukianza kulipia hayo, rumba ya Kongo itadaiwa na Kuba, na Fela mwenyewe atadaiwa na James Brown.

Mchangiaji 2: Mkuu, hilo ni jibu la wakili. Kwenye albamu hii mpangilio ndio wimbo. Kule Compass Point, studio ya Nassau, Bahamas, hawakuingia studio na nyimbo zilizokamilika. Mtu alipiga kipande kimoja dakika kadhaa bila kubadilisha, mwingine akapiga juu yake. Wakati wa kuchanganya, wakafungua njia hizi za rekodi (kila chombo na yake) na kuzima zile. Ubeti na kiitikio vikazaliwa hapo. Maneno ya mwimbaji David Byrne yalikuja baadaye. Ondoa mpangilio uone kinachobaki! Na chanzo walikijua: waandishi wa habari walipewa orodha ya vitabu vya kusoma, kikiwemo cha John Chernoff kuhusu ngoma za Ghana. Shukrani zikaenda mahali pasipo na malipo.

Mchangiaji 3: Hata wao kwa wao walidhulumiana. Jalada la kwanza liliandika watunzi ni David Byrne, prodyuza Brian Eno na Talking Heads. Wanakundi wengine, Weymouth (mpiga besi), Frantz na Harrison, wakafichwa ndani ya jina la kundi. Matoleo ya baadaye ndiyo yaliyowataja wote watano. Kama mpiga besi aliyekuwemo studio alilazimika kudai jina lake, sembuse mtu wa Lagos?

Mchangiaji 4: Kuna wanaotaka sheria kama ya Ghana ya 2005, inayolinda sanaa za jadi. Haimsaidii Fela. Afrobeat si ya jadi, ina wenyewe: Fela na mpiga drams wake Tony Allen.

Kwa bendi zinazoupiga muziki huu kwenye maadhimisho, kosa kubwa ni kukata kipande kwenye kompyuta na kukirudisha dakika tano. Kinakufa, maana mkono wa mtu husogeza mkazo kidogo kila mzunguko. Kosa la pili ni wote kuingia mwanzoni. Kodi haibadiliki, kwa hiyo badiliko pekee ni nani anaingia na nani ananyamaza. Anzeni drams na besi, gitaa moja lifuate, na kabla hamjaongeza kitu toeni kingine. Kwenye The Great Curve, wimbo mwingine wa albamu hii, sauti zinapandana tabaka juu ya tabaka. Mkizimwaga zote mapema, mwisho hamna pa kwenda.

Angélique Kidjo wa Benin alirekodi upya nyimbo zote nane za albamu mwaka 2018, Tony Allen akishiriki kwenye drams, tarumbeta zikishika nafasi ya sinthesaiza. Anzieni hapo.

Mchangiaji 2: Na ukirekodi upya wimbo, mirabaha ya utunzi inakwenda kwa watunzi waliosajiliwa. Mchangiaji 1, hapo wakili anasemaje?