Maji nachemsha, mtoto bado anaharisha. Tatizo liko wapi?

MamaWawili (Mbagala)
Habari za jioni wadau. Naomba mnisaidie, maana nimechoka na nina hofu.

Nimepanga nyumba ya vyumba sita, choo kimoja cha nje. Wa kwanza wangu ni binti wa miaka 5, mdogo wa kiume ana mwaka na miezi 8. Tangu Machi huyu mdogo ameharisha mara nne. Namkimbiza zahanati, anapewa ORS, ile dawa ya unga ya kukoroga kwenye maji, na zinki, anapona, wiki tatu haziishi anaanza tena. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake wa uzito ulikuwa unapanda vizuri, sasa umelala.

Kila ninayemweleza ananiambia chemsha maji. Nachemsha! Kila jioni sufuria mbili za mkaa, yanatokota haswa, yakipoa nayachuja kwa kitambaa cheupe, natia kwenye ndoo yenye mfuniko. Na bei ya mkaa mnaijua. Nafagia, nadeki. Jirani anasema ni meno, lakini meno ya mbele yalishatoka zamani. Nakosea wapi?

Kibo77
Pole. Mpe dawa ya minyoo, yataisha hayo.

MuuguziMstaafu
Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi kliniki ya mama na mtoto, na akina mama kama wewe nimewaona wengi: wanajituma, na mtoto bado anaumwa. Sikulaumu. Naomba unijibu mambo manne. Hicho kitambaa cheupe kikishachuja unakiweka wapi? Binti akitaka maji anachota na nini? Kabla ya kula mnanawaje? Na nguo za mdogo zilizochafuka unafulia beseni lipi?

MamaWawili
Shikamoo mama. Kitambaa nakisuuza, naanika kwenye kamba uani. Maji wanachota na kikombe, kinakaa juu ya mfuniko. Kunawa, natia maji kwenye bakuli, tunanawa wote ndipo tunakula. Beseni ninalo moja kubwa la bluu, nafulia humo na mboga naoshea humo, ila nalisuuza kwanza. Hii ya beseni nimeiandika nikashtuka mwenyewe.

MuuguziMstaafu
Marahaba. Basi tumeshaliona.

Maji yakitokota kwa nguvu hata dakika 1 tu, vijidudu vya kuharisha vinakufa. Kazi hiyo unaifanya vizuri. Lakini maji yaliyochemka hayana kinga yoyote. Uchafu ukiingia baadaye unabaki humo humo. Kwa hiyo chuja kabla ya kubandika, siyo baada ya kuepua. Kile kitambaa kimepigwa na vumbi na nzi uani, halafu unapitishia maji ambayo umeyachomea mkaa. Yakipoa, mimina moja kwa moja kwenye chombo.

Kesho kaa pembeni umwangalie binti akichota. Nakuhakikishia vidole vitazama pamoja na kikombe, na hivyo ndivyo vidole alivyotoka navyo chooni. Ukipata hela nunua ndoo yenye koki. Ikiwa bado, tumia dumu la mdomo mwembamba: maji yamiminwe, yasichotwe.

Bakuli la kunawia liache kabisa. Wa kwanza akishanawa, wa pili ananawa uchafu wa wa kwanza, na aghalabu mdogo ndiye wa mwisho. Maji ya kunawa yachirizike. Mmoja ammiminie mwenzake kwa jagi, au mtengeneze kibuyu chirizi pale nje ya choo: dumu la lita 5, tundu la msumari, kamba na kijiti cha kukanyagia ili mtu asilishike dumu. Sabuni kipande cha mche kinatosha, kitie ndani ya soksi ukining'inize. Sugua kama sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, na kucha za wote ziwe fupi.

Na hili nalisisitiza kwa sababu tunalidharau: kinyesi cha mtoto mdogo kina vijidudu sawa na cha mkubwa, siyo "kisafi" kama tunavyosema. Kimwagwe chooni, siyo uani. Nguo zake zipate ndoo yao, na lile beseni la bluu lisiguse mboga tena. Ukishamchambisha, nawa kwa sabuni kabla hujashika mwiko.

Kibo77, dawa ya minyoo ni kweli apewe kila miezi sita, lakini peke yake haitazuia haya.

Akiharisha tena, ORS pakiti moja kwa lita 1 ya maji safi, yakipita saa 24 mwaga, changanya mengine. Zinki asiikatishe hata kuhara kukikoma. Ukiona macho yameingia ndani, hataki kunywa, au kuna damu kwenye kinyesi, mpeleke zahanati, usingoje kesho.

Mkaanjao (Pemba)
Kwetu bibi akiweka mtungi na kata ya kifuu yenye mpini mrefu, kata ikitundikwa ukutani, haiwekwi chini. Mtoto akichovya kikombe chake mtungini, bibi akiyamwaga maji yote, na kisima kilikuwa mbali. Nikidhani ni ukali tu. Leo namwelewa.

MpangajiTandika
Dada, hata ukijisafisha vipi, choo kikiwa cha wote mtaambukizana. Sisi kaya saba tuligawana zamu, kila kaya wiki moja: kuosha choo, kujaza dumu la kunawia, na kulisugua kwa sabuni lile kopo la chooni hasa mpini, maana kila mkono unalishika. Sabuni ya kipande iliibwa mara mbili. Tukakoroga sabuni ya unga na maji kwenye chupa ya nusu lita, tukatoboa kifuniko. Hiyo haijaguswa.

MamaWawili
Ndugu zangu, leo ni wiki ya saba nimerudi kushukuru. Nilimwangalia binti akichota kama mama alivyoniagiza, vidole vinne vilizama mpaka fundo la pili. Niliumia. Maji sasa yako kwenye dumu, ndoo ya koki naidunduliza. Kunawa ni kwa jagi, binti ndiye mmiminaji na hamwachii mtu akae mkekani na mikono mikavu. Mdogo hajaharisha hata mara moja. Jana kliniki amepima kilo 9.6, mara ya mwisho ilikuwa 9.1.

Kibuyu chirizi nimekifunga, ila wapangaji wawili wamekataa zamu ya choo. MpangajiTandika, nyinyi mliwaitaje kikaoni? Mwenye nyumba alikuwepo?