MREJESHO: Modeli iliyokuwa ikizidisha hewa ukaa ya msitu

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini modeli inaonyesha miti ikifyonza hewa ukaa zaidi ya maradufu ya kawaida. Aliyesema nikague vizio alipatia: biomasi kavu (uzito wa miti bila maji) ilizidishwa moja kwa moja kwa 44/12 (uwiano wa uzito wa hewa ukaa kwa kaboni), sehemu ya kaboni (0.47) ikarukwa. Tani 100 za biomasi zikatoa tani 367 za hewa ukaa. Sahihi ni 100 × 0.47 × 44/12, yaani 172 tu. Kwenye mbolea nako, N2O-N (nitrojeni iliyomo kwenye gesi ya N2O) sasa inazidishwa kwa 44/28 ili kupata uzito wa gesi yenyewe. Kosa la ukoo uleule!

Kugawa badiliko la kaboni ya udongo kwa miaka 20 kumesaidia nusu. Mruko uliokuwa ukionekana kwenye grafu mwaka wa kwanza umeisha, ila mwaka wa 21 mstari unashuka ghafla hadi sifuri, maana mbinu hiyo huchukulia kuwa baada ya miaka 20 kaboni ya udongo imeshatulia. Kuulainisha bado sijafaulu.