Halmashauri zishike fedha za afya ya jamii, au zizikague tu?

Mtoa mada:

Naomba tujadili jambo ambalo wengi tunaligusa pembeni bila kuliweka mezani. Baraza linalopitisha bajeti ya afya ya jamii, likaidhinisha matumizi yake na kuwasimamia watumishi wake, linaweza pia kuwa ndilo linaloamua kama fedha hizo zimefanya kazi iliyokusudiwa? Msimamo wangu niutaje mapema, ili wanaopinga wajue pa kuanzia: naona haliwezi. Fedha za chanjo, kliniki ya mama na mtoto, udhibiti wa mbu na usafi wa mazingira ziende moja kwa moja kwenye kituo kinachotoa huduma, na baraza libaki na kazi ya kuhoji, kwa sababu mtu aliyesaini hati ya malipo asubuhi hatakuwa na hamu ya kuikagua jioni.

Sisemi hivi kwa kuzidharau serikali za mitaa. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, la mkutano wa kimataifa kuhusu afya ya msingi, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya, na sina ubishi na hilo. Ninachobishia ni jinsi ushiriki wa watu ulivyogeuka kuwa akaunti ya halmashauri. Tazameni Kenya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliwapa magavana na mabunge ya kaunti 47 dhamana ya vituo vya afya, magari ya wagonjwa na huduma za msingi. Ugatuzi, yaani kuhamishia madaraka kwenye kaunti, ulipoanza mwaka 2013, mapato ambayo hospitali zilikuwa zikiyakusanya na kuyatumia zenyewe yakaanza kuingizwa katika mfuko wa mapato wa kaunti, na ilibidi ingojewe sheria ya mwaka 2023 ndipo vituo nchi nzima vikapewa haki ya kubaki na kile vinachokusanya. Tanzania ilipita njia nyingine: kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zilianza kupelekwa kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya vyenyewe, badala ya kutua kwanza halmashauri. Nchi mbili jirani, zenye mifumo tofauti ya utawala, zimeelekea upande mmoja. Sidhani kama ni bahati tu.

Mchangiaji, diwani mstaafu:

Ndugu mtoa mada, nimekaa barazani vipindi viwili, kwa hiyo nikubali tangu mwanzo kwamba nina upande. Hata hivyo hoja yako imeanzia kwenye zahanati na kuishia kwenye zahanati, wakati afya ya jamii sehemu kubwa yake haipo zahanati. Kipindupindu hakianzii kwenye chumba cha daktari. Huanzia kwenye mtaro ulioziba, kwenye choo cha soko kisichonyonywa, kwenye bomba la maji lililopasuka karibu na dampo, na hivyo vyote viko chini ya idara ambazo mganga wa kituo hana mamlaka nazo hata chembe. Ukimpa mganga fedha zote, atanunua dawa, na simlaumu, kwa kuwa aliye mbele yake ni mgonjwa. Mtaro nani atauzibua?

La pili, unataka kuigawa bajeti vipande vipande halafu utarajie mpango mmoja. Ufilipino waligatua huduma za afya kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991, kila manispaa ikabaki na vituo vyake na kila mkoa na hospitali zake, rufaa za wagonjwa zikawa zinavuka mipaka ya watu wasiopanga pamoja. Mwaka 2019 wakatunga Sheria ya Huduma ya Afya kwa Wote inayotaka mifumo hiyo iunganishwe tena katika ngazi ya mkoa na jiji. Wewe unapendekeza tushuke chini zaidi ya hapo walipopata tabu.

La tatu ni la kisiasa, na nalisema bila aibu. Mimi ningeweza kuondolewa kwa kura. Mganga wa kituo haondolewi kwa kura, wala ofisa wa wizara. Na tusijidanganye kwamba fisi yupo halmashauri peke yake. Uingereza ilipohamishia afya ya jamii kwenye serikali za mitaa mwezi Aprili 2013, ilitoa ruzuku ambayo mabaraza hayakuruhusiwa kuitumia kwa shughuli nyingine. Mwaka 2015 serikali kuu yenyewe ikakata pauni milioni 200 kutoka kwenye ruzuku hiyo katikati ya mwaka wa fedha, mipango ikiwa imeshapitishwa. Aliyepiga kelele kwa niaba ya wananchi ni mabaraza. Kituo cha afya kingepiga kelele kwa nani?

Mchangiaji, mwuguzi mfawidhi wa zahanati:

Naomba nishuke kidogo kutoka kwenye katiba na sheria, niwasimulie habari ya jokofu.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Mlangoni pa jokofu letu huning'inia karatasi yenye safu mbili, asubuhi na jioni, na kila siku mtu husoma kipimajoto, huandika namba na kusaini. Wakati fedha zetu zilikuwa zikishikwa makao makuu ya halmashauri, mtungi wa gesi wa jokofu hilo uliisha. Niliandika dokezo kwa mganga mkuu, likapita kwake, likaenda kwa mweka hazina, likarudi kwa kuwa kifungu nilichokitaja kilikuwa kimeisha, nikaandika jingine kwa kifungu kingine, likasubiri mtu mmoja arudi safari. Wiki ya tatu ndipo mtungi ulipofika. Kwenye karatasi ya mlangoni wiki hizo zina mistari mitupu, kwani chanjo tulikuwa tumezihamishia kituo cha jirani ndani ya kasha la barafu, na kina mama waliofika na watoto migongoni tuliwaambia waende huko kwa miguu. Wengine walikwenda. Wengine walirudi nyumbani, na sikuwaona tena mpaka mtoto alipougua.

Baadaye tukapewa akaunti yetu, na mtungi uliofuata ulibadilishwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo kwa hilo niko na mtoa mada. Hata hivyo naomba asinisifie mapema, maana yako mambo ambayo hayatajwi kwenye mikutano. Mimi nimesomea uuguzi. Leo mimi ndiye ninayeandika hati za malipo, ninayesuluhisha daftari la benki, ninayetafuta nukuu tatu za bei kabla ya kununua ndoo, na siku ninapokwenda benki zahanati hubaki na mhudumu mmoja. Kamati ya usimamizi ninayo, wajumbe ni watu wema, lakini mara nyingi huitwa siku ya kusaini, mwenyekiti huuliza, "Nisaini wapi?" nami humwonyesha. Je, huo ni usimamizi? Mtu mwenye nia mbaya katika kiti changu angeweza kufanya mengi kabla yeyote hajastuka, na halmashauri ingegundua wakati wa ukaguzi tu.

Mchangiaji mwingine:

Mimi nina moja tu. Pale tunapotibiwa kuna ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli, na ndani yake mna karatasi ya mapato na matumizi ya kituo. Jua limeufifisha wino mpaka tarakimu hazisomeki, na mwaka ulioandikwa juu yake si huu wala uliopita. Nilipouliza funguo ziko kwa nani, kituo kilisema ziko halmashauri, halmashauri ikasema ziko kituoni. Mkimaliza kubishana nani ashike fedha, naomba mtuambie nani ashike funguo za ubao.

Mchangiaji, mkaguzi wa ndani:

Nimesoma yote, na nadhani tunachanganya mambo mawili yanayofanana kwa jina. Kukagua fedha ni kuuliza kama zilitumika kwa kifungu chake na kama kuna stakabadhi. Kusimamia huduma ni kuuliza kama mbu wamepungua. Niliwahi kupewa jalada la ujenzi wa vyoo lililokamilika kuliko majalada yote ya mwaka ule: mkataba, vipimo, picha, hati ya kukamilika kwa kazi, stakabadhi zote. Nilipofika mahali penyewe nikakuta vyoo vipo na vina milango, nayo milango imefungwa kwa kufuli, kwa sababu bajeti haikuwa na maji wala mtu wa kuvisafisha. Kwa upande wangu hoja ilikuwa imefungwa. Kitabuni, halmashauri ile ilistahili hati safi, na wananchi waliendelea kwenda vichakani.

Kwa hiyo simwungi mkono moja kwa moja mtoa mada wala mheshimiwa diwani. Baraza linaweza kushika fedha na kituo kinaweza kushika fedha. Kinachokosekana pande zote mbili ni mtu wa tatu anayeuliza swali la mbu. Wengi hudhani mtu huyo ni wananchi wenyewe, na kwa muda ilionekana hivyo. Utafiti uliofanyika Uganda katika vituo 50, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wanakijiji walipopewa takwimu za kituo chao na kukaa kikao na watumishi, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban asilimia 33. Watu walishangilia, nami nikiwemo. Baadaye utafiti mwingine ukapima mbinu ya namna hiyo katika vituo vingi zaidi nchini humohumo: huduma ziliboreka kidogo, ila upungufu wa vifo haukuonekana. Ninavyoelewa mimi, mwananchi anaweza kumwaibisha mtumishi anayechelewa kazini, lakini hawezi kumwaibisha mtu asiyemwona, yaani yule aliyechelewesha fedha hadi robo ya nne ya mwaka na kuacha bakaa kwenye akaunti.

Brazil wamelitia jambo hili kwenye sheria: kwa mujibu wa Sheria namba 8.142 ya mwaka 1990, manispaa haipokei fedha za afya kutoka serikali kuu bila kuwa na baraza la afya, na nusu ya viti vya baraza hilo ni vya watumiaji wa huduma. Naupenda mfumo huo kwa sababu umeifunga fedha na usimamizi kwenye fundo moja. Swali langu kwa wote ni nani anayewateua hao watumiaji, kwa maana meya akiwateua yeye tutakuwa tumerudi kwa mwenyekiti anayeuliza asaini wapi.

Mtoa mada:

Nawashukuru, na nirekebishe kauli yangu. Mheshimiwa diwani amenishinda kwenye mtaro. Kazi zinazovuka mipaka ya kituo, yaani mitaro, taka, maji na mbu wa mjini, zibaki kwenye bajeti ya halmashauri, na sikupaswa kuziweka kwenye fungu moja na chanjo. Kwa fedha za kuendesha kituo bado sijabadilika, na habari ya jokofu imenizidishia uhakika. Kuhusu Uingereza, kilio cha mabaraza kilikuwa halali, lakini baraza halihitaji kushika akaunti ya kituo ili liweze kulia.

Kwa mkaguzi: wajumbe wa watumiaji wachaguliwe katika mkutano wa hadhara wa eneo linalohudumiwa na kituo, si kwa barua ya mkurugenzi, na wapewe taarifa mbili kila robo mwaka, ya tarehe ambayo fedha ziliingia na ya kazi iliyofanyika, ili yule asiyeonekana aonekane. Funguo za ubao wakae nazo wao.

Lililobaki ni la mwuguzi, na hapo nakiri sina jibu la bei nafuu. Kila kituo kikiajiri mhasibu wake, mishahara itameza fedha tunazopigania zifike. Pengine mhasibu mmoja azungukie vituo vinne au vitano vilivyo karibu, siku moja kila kimoja kwa wiki. Lakini akilipwa na halmashauri, mheshimiwa diwani, utakubali asiwajibike kwa mkurugenzi wako?

Diwani mstaafu:

Nitakubali, kwa sharti kwamba madaftari yake yaletwe kwenye kamati ya baraza kila robo, na mwuguzi awepo kuyaeleza mwenyewe. Na nauli yake ilipwe.