Mjadala: Je, kamera ya joto inatosha kulinda mapango ya dubu weupe kaskazini mwa Alaska?

MLETA MADA

Habari za wakati huu, wakuu. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila upande una watu wenye hoja.

Pembe ya kaskazini-mashariki ya Alaska kuna Hifadhi ya Wanyamapori ya Aktiki. Uwanda wake wa pwani, ekari zipatazo milioni 1.5, ulifunguliwa kwa utafutaji wa mafuta na sheria ya kodi ya mwaka 2017. Mnada wa kwanza wa vitalu ulifanyika Januari 2021 na kampuni kubwa za mafuta hazikutokea. Wa pili, Januari 2025, haukupata mnunuzi hata mmoja. Hata hivyo mwaka huohuo wa 2025 serikali iliamua kuufungua tena uwanda wote, na Bunge likaagiza minada mingine ifanyike. Kwa hiyo suala bado ni bichi.

Uwanda huo ndiko majike wengi wa dubu weupe wa Bahari ya Beaufort wanakokuja kujifungua. Jike mwenye mimba huchimba pango ndani ya theluji kuanzia Oktoba au Novemba. Huzaa katikati ya baridi, Desemba au Januari, kwa kawaida watoto wawili. Kila mmoja ana gramu mia sita hivi, macho yamefumba, manyoya hafifu. Mama hatoki. Hali kitu miezi yote hiyo, anawanyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, mpaka Machi au Aprili anapotoboa theluji na kuwatoa nje.

Utaratibu uliozoeleka ni huu: kabla mitambo haijaingia, ndege yenye kamera ya joto hupita juu. Kila pango linaloonekana huwekewa mzunguko wa maili moja, yaani kilomita 1.6, ambao mitambo hairuhusiwi kuingia. Pasipoonekana kitu, kazi inaendelea.

Tatizo ni hapo kwenye "pasipoonekana kitu". Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliopitia safari za ndege za aina hiyo zilizofanywa kwenye maeneo ya mafuta kati ya 2004 na 2016. Kati ya mapango 33 yaliyokuja kuthibitishwa kuwa yalikuwepo, kamera iliona 15. Mapango 18 haikuyaona. Sababu zinaeleweka: paa la theluji likizidi kama mita moja, joto la mama halifiki juu. Upepo ukivuma, theluji ikipeperuka au jua likigusa ardhi, doa la joto linapotea. Tena kuna mengine yaliyodhaniwa mapango yakawa siyo.

Ipo ramani ya aina nyingine. Ule uwanda ni tambarare, na pango halichimbwi popote. Lazima theluji iwe imerundikana, nayo hurundikana mahali upepo unapoiangusha: kingo za mito, kingo za maziwa, magenge ya ufukweni, hata ukingo wenye urefu wa mita moja na kitu. George Durner na wenzake wa shirika la jiolojia la Marekani walizipima kingo hizo kwa picha za angani, na mwaka 2006 wakatoa ramani ya uwanda wa hifadhi. Walipata zaidi ya kilomita 3,600 za kingo zinazofaa, lakini ukizijumlisha kwa eneo hazifiki asilimia 1 ya ardhi yote.

Msimamo wangu: ramani ya kingo ndiyo iongoze. Mahali ambapo pango linaweza kuwepo pahesabiwe kuwa lipo, mpaka dubu watoke. Karibuni.

MHANDISI WA MTWARA

Heshima kwako mleta mada, umeeleza vizuri. Mimi nimefanya kazi za uchunguzi wa mitetemo kwenye gesi, yaani kutikisa ardhi kwa mitambo na kupima mwangwi wake ili kujua kilichoko chini, kwa hiyo nitaongea upande wa mitambo.

Kwanza, watu wajue kwa nini kazi ile hufanywa wakati wa baridi. Kiangazi ardhi ya kule ni tope juu ya barafu. Uchunguzi wa mitetemo uliofanyika uwandani humo majira ya baridi ya 1984 na 1985, tena ardhi ikiwa imeganda, uliacha alama za magari ambazo miongo kadhaa baadaye bado zilionekana. Sasa fikiria ukiingia Julai. Kwa hiyo huwezi kumwambia mhandisi "subiri dubu watoke", kwa sababu wakitoka, barabara za barafu zinakaribia kuyeyuka.

Pili, fanya hesabu. Umesema kingo hazifiki asilimia 1, na inasikika kama jambo dogo. Lakini ni mistari. Weka kilomita 1.6 kila upande wa mstari wa kilomita 3,600, uone kama patabaki mahali pa kusimamisha hata hema. Pendekezo lako ni marufuku kamili. Kama ndivyo, lisemwe hivyo.

Tatu, Steven Amstrup, mtafiti wa dubu weupe ambaye hakuna anayeweza kumwita rafiki wa kampuni za mafuta, aliandika mwaka 1993 kwamba majike wengi waliokuwa mapangoni karibu na shughuli za binadamu walivumilia na hawakuhama. Huyu mnyama si dhaifu kama tunavyomfikiria.

DAKTARI WA MIFUGO

Mhandisi, hoja yako ya tatu ina ukweli, ila inahitaji kuwekwa vizuri. Kuvumilia kelele ni jambo moja. Kuvumilia gari lenye tani nyingi linalopita juu ya paa la theluji ni jambo lingine. Uchunguzi wa kisasa wa mitetemo hupita kwa mistari iliyosogeana, mita mia kadhaa tu kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Pango ambalo kamera haikuliona halina mzunguko wa kulilinda. Dereva hajui, na kwa juu ni theluji tupu.

Halafu angalia wakati. Jike akisumbuliwa Novemba, kabla ya kuzaa, anaweza kwenda kuchimba kwingine. Akisumbuliwa Februari, ana watoto wasioweza kutembea kwenye baridi ile, na hawezi kuwabeba wote kuvuka uwanda. Wanapotoka kwa wakati wao huwa wamefika kilo kumi hivi, na hapo ndipo wanaweza kumfuata mama hadi kwenye barafu ya bahari anakowindia sili. Utafiti wa Karyn Rode na wenzake, 2018, ulionyesha kwamba familia zilizokaa pangoni hadi mwishoni zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuonekana baadaye watoto wakiwa hai.

Na hapa hatuzungumzii mnyama anayezaa kila mwaka. Jike huzaa kila baada ya miaka mitatu hivi. Kundi la Beaufort Kusini lilikadiriwa kuwa na dubu 900 mwaka 2010, baada ya kushuka sana katika muongo uliotangulia. Uzao mmoja ukipotea kwenye kundi la namna hiyo, pengo lake linaonekana.

MKAZI WA ANCHORAGE

Ndugu zangu, mimi naishi Alaska na naona watu wanasahauliwa hapa.

Katikati ya hayo yote kuna kijiji kinaitwa Kaktovik, cha watu wasiofika 300, wengi wao Wainupiat. Wamekuwa pwani ile kabla ya kuwepo hifadhi, kabla ya Marekani yenyewe kufika huko. Mafuta yalipogunduliwa Prudhoe Bay, magharibi mwa hifadhi, mwaka 1968, wenyeji walipigana kupata serikali yao ya mitaa. Walipoipata mwaka 1972 walianza kutoza kodi miundombinu ya mafuta, na kwa kodi hiyo wakajenga shule, zahanati, mifumo ya maji na vikosi vya uokoaji. Mtu wa Kaktovik akisema anataka uchimbaji, anazungumzia bomba la maji na mwalimu wa mtoto wake. Mwambieni basi hiyo ramani yenu ya kingo itamlipa nini.

Nisiwe mwongo, wenyeji hawana kauli moja. Wagwich'in wa upande wa kusini wa milima, Arctic Village na kwingineko, wanapinga tangu zamani kwa sababu kulungu wa kundi la Porcupine huzalia kwenye uwanda huohuo, na maisha yao yote yamefungamana na kundi hilo. Hata Kaktovik kwenyewe wapo wanaopinga. Lakini mjadala unaoanza na dubu na kuishia na dubu, bila mwenye ardhi kuulizwa, mimi siuungi mkono.

BINTI NYUKI

Naomba kuuliza tu. Kama kamera ya joto inashindwa, kwa nini wasitumie rada inayopenya theluji? Nimesoma kwamba inajaribiwa. Na mbwa waliofunzwa wametumika kule kuthibitisha mapango kwa kunusa. Si bora kuboresha ramani kuliko kufunga ardhi?

MHANDISI WA MTWARA

Binti Nyuki amesema ninachotaka kusema. Chombo kikiwa na kasoro, kinaboreshwa.

Na jambo moja limeachwa. Dubu weupe waliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini nchini Marekani mwaka 2008 kwa sababu ya kupotea kwa barafu ya bahari, si kwa sababu ya malori. Ukifunga uwanda wote kesho asubuhi, barafu haitarudi hata kipande.

MLETA MADA

Nashukuru kwa michango, nitajibu yale mazito.

Mhandisi, hesabu yako ni sahihi na siikwepi. Ukiiheshimu ramani ya kingo kwa umbali uleule ambao serikali imekubali kwa pango moja, kazi ya mitambo ya msimu wa baridi haina nafasi katika sehemu kubwa ya uwanda ule. Nasema wazi kwamba hilo ndilo ninaloliunga mkono. Tofauti yetu ni hii: wewe unaona ni dosari ya ramani, mimi naona ndicho ramani inachotuambia kuhusu mahali pale. Nchi ni tambarare, mito imeikata kila upande, na kila ukingo unaweza kuwa na mama ndani. Kutumia chombo kinachokosa zaidi ya nusu ili tupate ruhusa ya kupita ni kuchagua kutojua.

Kuhusu barafu, ni kweli ndiyo inayowamaliza. Lakini fuata jambo hilo hadi mwisho. Kati ya 1985 na 1994, asilimia 62 ya mapango ya majike waliofungwa mikanda ya redio kaskazini mwa Alaska yalikuwa juu ya barafu ya bahari. Kati ya 1998 na 2004 yalibaki asilimia 37. Barafu imekuwa nyembamba, inasogea, haiaminiki, na mama anahamia nchi kavu. Kwa hiyo barafu inavyopungua ndivyo kingo zinavyozidi kuwa na thamani. Nyumba ikishika moto, chumba ambacho hakijaungua ndicho unachokilinda kwanza.

Binti Nyuki, rada ijaribiwe na mbwa watumike, sina pingamizi. Ila mbwa hawezi kunusa uwanda mzima, huthibitisha mahali palipokwisha kutiliwa shaka. Na rada ithibitishwe kwanza, ndipo ruhusa ifuate. Kwa sasa ruhusa inatangulia. Tena hata sharti hilo dhaifu la kamera lina historia yake. Mwanzoni mwa 2021 shirika la wenyeji wa Kaktovik lilikuwa limeomba kufanya uchunguzi wa mitetemo uwandani, na lilitakiwa kukamilisha safari za ndege za kutafuta mapango kabla ya tarehe 13 Februari. Hazikufanyika, na ombi likafa. Kazi kubwa namna ile ilisimama kwa sababu ndege hazikuruka kwa wakati. Zingeruka na kuona nusu tu, kila mtu angeona masharti yametimizwa.

Mkazi wa Anchorage, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote. Sikubali kwamba watu 300 wabebe peke yao gharama ya kitu ambacho dunia nzima inakitaka. Mkataba wa 1973 wa kuhifadhi dubu weupe ulifungwa na nchi tano, Marekani ikiwemo, na ndani yake ziliahidi kulinda hasa mahali wanapojifungulia na kujilisha. Ahadi hiyo iliwekwa na Washington, si na Kaktovik. Serikali ikifunga uwanda, ilipe: maji, shule, zahanati, kwa bajeti ya kudumu iliyoandikwa kwenye sheria ileile inayofunga.

MKAZI WA ANCHORAGE

Sawa, hapo tunaanza kuelewana, ingawa ahadi za Washington wazee wa kule wamezisikia nyingi. Swali moja la mwisho: hiyo ramani itachorwa na nani, na ataiona nani? Wawindaji wa Kiinupiat wanajua kingo ambazo dubu wanarudia, wameambiwa na baba zao. Sheria inawaruhusu kuwinda dubu kwa mahitaji yao. Wakitoa ujuzi huo, je, hautageuzwa kesho kuwa sababu ya kuwanyima kupita kwenye ardhi yao wenyewe? Na mapango yakiwekwa hadharani, watalii wenye kamera hawatafika?

MLETA MADA

Mkuu, ramani ya kingo iwe ya wazi, kwa kuwa ni ramani ya ardhi tu na kila kampuni inapaswa kuiona kabla ya kununua kitalu. Mahali halisi pa pango la mwaka huu pabaki siri, pajulikane kwa wawindaji na wahifadhi pekee. Norway ilikwenda mbali zaidi huko Svalbard: visiwa vya Kong Karls Land, ambako majike wengi huzalia, vimefungwa kabisa kwa wageni. Mfano huo hauwezi kuhamishwa mzimamzima, kwa sababu Kong Karls Land haina wenyeji na Kaktovik inao. Kwa hiyo zuio liandikwe kwa mitambo ya viwanda na utalii, litaje kwa maneno kwamba mwindaji na familia yake hawahusiki, na wawe na kura kwenye chombo kitakachoihuisha ramani kila msimu. Kama kuna mwenye kifungu bora zaidi, akilete hapa tukichambue.